Kukausha gari kwa upepo baada ya kuliosha: tunakausha, au tunahamisha maji tu?

1. BintiLanet (Nakuru)

Hamjambo nyote. Nina gari jeusi ambalo huliosha mwenyewe nyumbani kila Jumamosi kwa maji ya kisima, kwa kuwa maji ya mfereji hayana siku maalumu ya kufika kwetu. Nikilipangusa kwa taulo, boneti hujaa mikwaruzo myembamba ya mviringo ambayo, jua likiiangazia, huonekana kana kwamba buibui ametandaza nyuzi zake chini ya rangi. Nikiliacha likauke lenyewe, hubaki madoa meupe yenye umbo la pete, na yale ya kioo cha mbele sasa hayatoki hata kwa sabuni.

Wiki iliyopita nililipeleka kwa vijana wanaoosha magari kando ya barabara. Baada ya kusuuza, mmoja wao alichukua bomba la kompresa, ile mashine inayobana hewa, akalipuliza gari lote kuanzia paa hadi matairi, bila kitambaa chochote kugusa rangi. Matone yalikimbia juu ya boneti kama kuku waliofukuzwa kwenye mtama ulioanikwa. Nilifurahi mpaka nilipofika nyumbani, nikakuta maji yamechuruzika kutoka chini ya vioo vya pembeni na nyuma ya nembo ya buti, na vumbi limeganda juu ya kila mchirizi. Fundi wangu anashikilia kwamba upepo haukaushi gari, bali unayahamisha maji kutoka mahali yanapoonekana hadi mahali yasipoonekana. Je, anasema kweli? Na kama upepo unafaa, ni ule wa kompresa au wa blowa ya kupulizia majani?

2. Dereva wa Salgaa

Dada, unajitafutia gharama bure. Mimi nikimaliza kuosha, naliendesha gari kilomita kumi kwa mwendo wa 80, na upepo wa barabarani hunifanyia kazi yote. Nimefanya hivyo kwa miaka kumi na mitano na gari langu halina doa.

3. Mwalimu wa Fizikia (Maseno)

Ndugu wa Salgaa, upepo wa kilomita 80 kwa saa na upepo wa blowa si ndugu wa baba mmoja. Nguvu ya upepo ya kusukuma huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo wake. Blowa nyingi hutoa hewa mdomoni kwa mwendo wa kilomita 240 kwa saa au zaidi, yaani mara tatu ya mwendo wako, na kwa hiyo husukuma tone kwa nguvu mara tisa. Aidha, gari linapokwenda, nyuma ya vioo vya pembeni na juu ya buti hewa huzunguka taratibu badala ya kupiga moja kwa moja, na hapo ndipo maji yanapojificha. Kilomita zako kumi zinakausha kwa kufanya maji yawe mvuke, na mvuke huondoka peke yake. Chumvi iliyokuwa ndani ya tone hubaki palepale lilipokuwa.

Kuhusu swali la dada, fundi wako amesema neno la kweli ingawa amelisema kama lawama. Upepo haukaushi kwa maana ya kugeuza maji kuwa mvuke, na hilo ndilo jema lake. Ili lita moja ya maji igeuke mvuke inahitaji takriban kilojuli 2,400 za joto. Hata ungekuwa na mashine ya kupasha hewa ya wati 2,400, na joto lake lote liingie majini bila kupotea hata kidogo, ungesimama hapo zaidi ya robo saa kwa lita hiyo moja. Kijana wa kompresa alimaliza gari lako kwa dakika tano kwa sababu aliyafukuza maji yakiwa bado maji, na yalipoanguka chini yalianguka pamoja na chumvi yake. Doa haliletwi na maji yaliyoondoka. Huletwa na maji yaliyokufa juu ya rangi.

4. FundiRangi (Kondele, Kisumu)

Salamu. Mwalimu amesema vizuri kuhusu maji, lakini hakugusa kinachotoka pamoja na upepo wa kompresa. Mimi ni mpiga rangi, na kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine hulala chini nikafungua valvu iliyo kitako cha tangi. Yanayotoka hapo si maji safi. Ni kitu cheupe kizito kama chai ya maziwa iliyopoa, na ukikisugua kati ya vidole kinateleza, kwa sababu ni maji yaliyochanganyika na oili ya kompresa yenyewe. Asiyefungua valvu hiyo kwa wiki nzima anayarudisha hayo yote juu ya gari la mteja kama ukungu. Katika kazi yangu tone moja la oili likifika kwenye bati kabla ya kupiga rangi, rangi hukimbia pale na kuacha vishimo tunavyoviita macho ya samaki, nami hulazimika kusugua upya. Ndiyo maana sisi huweka chujio la kunasa maji kabla ya bomba. Wanaoosha magari wengi hawaliweki.

Kwa hiyo, dada, naona madoa yako huenda hayatoki kisimani hata kidogo. Chunguza kama yana mng'ao wa rangi rangi ukiyatazama kwa upande.

5. Mama Taji (Milimani, Kisumu)

Mimi nawashangaa watu wa Nakuru. Hapa Kisumu tunaosha kwa maji ya ziwa yaliyosafishwa, ama ya mto Kibos, na sijawahi kuona pete nyeupe hata nikiacha gari juani hadi likauke. Maji yetu ni laini, sabuni hutoa povu mara moja. Tatizo ni maji, si namna ya kukausha.

6. Kijana wa Njoro

Mama Taji amegonga penyewe. Visima vya Nakuru vina floridi nyingi, kila mtu anajua, tazameni meno yetu ya rangi ya kahawa sisi tuliozaliwa huku. Floridi hiyo hiyo ndiyo inayokula rangi ya magari na vioo. Upepo au taulo, hutaikwepa.

7. Mwalimu wa Fizikia (Maseno)

Kijana wa Njoro, floridi ya visima vya Bonde la Ufa ni jambo la kweli na la huzuni, lakini isibebeshwe kila mzigo. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidishwe katika maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na hata kisima chenye mara kadhaa ya kiwango hicho bado hupimwa kwa miligramu chache. Chumvi nyingine zote kwa pamoja, yaani kalisi, magnesi, sodiamu na bikaboneti, mara nyingi hupimwa kwa mamia ya miligramu katika lita hiyo hiyo. Doa unaloliona kwa macho ni la hao wengi, si la yule mmoja.

Na kuhusu umbo la pete ambalo dada alilitaja: mwaga tone la chai mezani uliache likauke, utaona ukingo wake ni mweusi kuliko katikati. Tone hukauka upesi zaidi pembeni, maji ya katikati hukimbilia huko kujaza pengo, nayo hubeba kila kilichoyeyuka ndani yake. Chumvi hufanya hivyo hivyo juu ya boneti.

8. Fundi Mvuke (Naivasha, nyumbani Nakuru)

Naomba kuongeza ambalo halijatajwa. Nafanya kazi kwenye mabomba ya mvuke wa ardhini, na adui yetu mkubwa ni silika, ambayo hutoka katika miamba ya volkeno ikiwa imeyeyuka katika maji ya moto, kisha ikaganda ndani ya bomba kama kioo. Maji ya visima vya Bonde la Ufa nayo hupita katika miamba hiyo ya volkeno. Kipimo chake ni rahisi: mimina siki kidogo juu ya doa la kioo cha mbele usubiri dakika mbili. Likilainika na kutoka, hilo ni la kalisi. Lisipotikisika, kuna uwezekano mkubwa ni silika, na siki haiiwezi hata ukimwaga chupa nzima. Hiyo hutolewa kwa kung'arisha kwa dawa ya kusugua pekee, na ndiyo maana mimi nasema afadhali upepo kila Jumamosi kuliko kung'arisha kila mwaka, kwa sababu kila ung'arishaji hupunguza tabaka la juu la rangi.

9. Makanika wa Lurambi (Kakamega)

Nimefuatilia tangu mwanzo na naona mnazungumzia boneti upande wa juu tu. Niwaelezeni kilicho chini yake.

Mwezi uliopita nililetewa gari linalorukaruka likipanda mlima, na taa ya injini inamweka. Mwenyewe alisema lilitoka kuoshwa siku hiyo hiyo, pamoja na injini, kisha likapulizwa kwa kompresa mpaka injini ikang'aa. Nilifungua koili ya silinda ya tatu, yaani kifaa kinachoipa plagi umeme, na kisima cha plagi, lile shimo inamokaa, kilikuwa na maji yaliyofika shingo ya plagi, na mpira wa koili umevimba na kuwa laini kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. Umeme ulikuwa unapita ndani ya maji badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi. Je, maji yale yaliingizwa na mashine ya presha au na upepo? Mwenye gari alilaumu presha, nami hadi leo nalaumu upepo, kwa sababu koili nyingine tatu zilikuwa kavu, na ile ya tatu ndiyo iliyo karibu na kona ambako mtu hushindwa kufikisha mkono, hivyo akasogeza mdomo wa bomba karibu sana. Upepo wa pauni 100 kwa inchi ya mraba ukielekezwa kwenye ukingo wa mpira kutoka umbali wa kidole kimoja huufungua mpira ule, na maji yaliyotanda juu huingia.

Hata hivyo, ni upepo huo huo niliotumia kuyatoa. Naomba nisieleweke vibaya. Ukipuliza kutoka mbali, kwa mshazari, huku ukiyaelekeza maji nje ya injini, unaokoa. Ukipuliza moja kwa moja kuelekea chini, unapigilia.

10. FundiRangi (Kondele, Kisumu)

Namuunga mkono Makanika kuhusu umbali. Kwenye rangi pia ni hivyo. Gari ambalo lakeri yake, yaani lile tabaka la juu linalong'aa, imeanza kubanduka, mara nyingi kwenye paa na ukingo wa boneti, upepo wa karibu huingia chini ya ule ubandukaji na kuunyanyua kama ganda la kitunguu. Nimeona kipande cha ukubwa wa kiganja kikipeperuka hewani. Mimi hukaa umbali wa rula ya shule, sentimita 30, na sipulizi kabisa penye jeraha la rangi.

11. Bodaboda Kanduyi (Bungoma)

Sisi wa pikipiki mtusikize pia. Mvua ya huku ikinyesha mchana na barabara za udongo mwekundu, pikipiki huoshwa karibu kila jioni, na taulo haiwezi kuingia katikati ya mapezi ya injini wala kwenye mnyororo. Upepo ndio unaofaa peke yake. Napuliza mnyororo mpaka ukauke, kisha nautia oili papo hapo, kwa sababu ukichelewa hadi asubuhi unakuta umepata kutu ya rangi ya machungwa. Swali langu ni moja: vijana hupenda kupuliza bearing ya gurudumu ili izunguke kwa kasi na kulia kama king'ora. Je, inadhuru?

12. Makanika wa Lurambi (Kakamega)

Inadhuru sana, kaka. Bearing iliyopulizwa huzunguka bila mzigo na mara nyingi bila grisi ya kutosha, kwa kasi isiyotengenezewa, na gololi zake huchubuka. Zile za wazi zinaweza hata kupasuka na kuruka. Mkanye yeyote anayechezea hivyo.

13. Muuguzi wa Zamu (Kisumu)

Mada imenigusa kwa upande wa kazi yangu, na naomba mnivumilie. Niliwahi kumhudumia kijana aliyekuwa akikausha gari kwa kompresa, kisha akajielekezea bomba usoni kupuliza maji ya nywele, kama wenzake walivyozoea kufanya. Upepo uliingia kupitia kona ya jicho. Kope zote mbili zilivimba zikafunga, na nilipoligusa shavu lake nilisikia chini ya vidole mlio mdogo kama wa kubonyeza mfuko wa nailoni, kwa kuwa hewa ilikuwa imetapakaa chini ya ngozi. Alipona, lakini wengine hupoteza jicho. Hewa ya kompresa ikiingia kwenye kidonda kidogo tu cha mkono inaweza kusafiri mbali ndani ya mwili. Kwa hiyo mnapojadili madoa ya rangi, tafadhali mkumbuke miwani ya kazi, na msiwaruhusu watoto wanaokuja kutazama kusimama mbele ya bomba.

14. Baba Nane (Nakuru)

Asante sana, muuguzi. Nimewaonyesha vijana wangu ujumbe wako.

Nina matatu nne za abiria kumi na wanne, na huoshwa kila usiku. Hoja yangu ni ya taulo. Taulo moja hupangusa magari ishirini kwa siku mahali pengi pa kuosha. Huanguka chini, huokotwa, hukamuliwa ndani ya ndoo ile ile ambayo chini yake kuna mchanga unaoweza kuuhesabu kwa vidole. Mikwaruzo ya dada BintiLanet haitokani na kupangusa, inatokana na mchanga wa gari la mtu mwingine. Upepo haubebi mchanga kutoka gari moja hadi jingine, na kwangu hilo linatosha kuamua.

15. BintiLanet (Nakuru)

Baba Nane, taulo yangu ni ya nyumbani na naifua peke yake, kwa hiyo mchanga wa gari la mtu mwingine hauhusiki. Lakini nakubali kwamba huenda ni mchanga wa gari langu mwenyewe, kwa sababu sabuni haiondoi yote pembezoni mwa matairi.

Nimejaribu siki ya Fundi Mvuke. Madoa ya boneti yametoka karibu yote, ya kioo yamepungua nusu na nusu yamebaki. Kwa hiyo ni ya aina gani?

16. Fundi Mvuke (Naivasha, nyumbani Nakuru)

Nusu kwa nusu ndiyo hali ya kawaida, dada, kalisi na silika hukaa pamoja. Suuza siki vizuri kwa maji mengi, isikae juu ya rangi wala kwenye mipira.

17. Mhandisi Mstaafu (Kitale)

FundiRangi alisema kuhusu maji yatokayo kwenye tangi, nami nikapiga hesabu ili watu waone ukubwa wake. Chukueni kompresa ndogo inayovuta lita 200 za hewa kwa dakika, ifanye kazi saa moja: hizo ni mita za ujazo 12. Hewa ya Kisumu yenye joto la nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 70 hubeba takriban gramu 16 za mvuke kwa kila mita ya ujazo, jumla karibu gramu 190. Hewa hiyo ikibanwa hadi presha ya baa 8 na kupoa tena, haiwezi kubaki na zaidi ya gramu 30 hivi. Zilizosalia, takriban gramu 160, hugeuka maji ndani ya tangi. Hiyo ni zaidi ya nusu ya kikombe kwa saa moja tu, na mtu anakausha gari nayo!

Blowa haina shida hiyo, kwa sababu haibani hewa kwa kiwango cha kutosha kuitoa maji. Huvuta hewa nyingi na kuisukuma kwa presha ndogo sana, na injini yake huipasha joto kidogo njiani, jambo ambalo hupunguza unyevu wake. Kompresa hutoa hewa kidogo yenye presha kubwa, inayofaa kwenye mashimo na pembe. Kwa hiyo swali la kompresa au blowa kwangu ni kama kuuliza jembe au panga.

Tahadhari ya umeme: soketi za nyumbani hapa Kenya za ampea 13 kwa volti 240 hubeba takriban wati 3,100 tu. Ukinunua blowa kubwa yenye injini mbili, soma kibandiko chake kabla ya kuichomeka kwenye waya wa kurefusha uliokunjwa kunjwa, na usisimame juu ya maji.

18. Kijana wa Njoro

Mzee, hesabu yako ni ya Kisumu. Nakuru hewa ni kavu, kwa hiyo kompresa yetu ni njema kuliko ya Mama Taji. Leo Nakuru imeshinda.

19. Mhandisi Mstaafu (Kitale)

Umeshinda kwa unyevu, mjukuu wangu, lakini umeshindwa kwa mwinuko. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi karibu kwa moja ya sita kuliko ya Mombasa. Blowa ile ile, ikitoa hewa kwa mwendo ule ule, itasukuma tone kwa nguvu pungufu kwa kiasi hicho hicho.

20. Mama Taji (Milimani, Kisumu)

Na vumbi je? Hata jina la Nakuru husemwa limetokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi. Ukiwasha blowa uani kwenye murram mwezi wa Februari, unajipulizia vumbi juu ya gari lililolowa.

21. Baba Nane (Nakuru)

Mama Taji, hapo umesema ukweli ambao mimi niliulipia. Mara ya kwanza nilipotumia blowa, nilianza na matairi, na vumbi lililoinuka lilikaa juu ya milango kama unga wa ugali. Sasa namwagia sakafu maji kwanza, naanza na paa, nashuka kwenye vioo, boneti, milango, kisha vioo vya pembeni, vishikio, kifuniko cha mafuta na nembo. Matairi huwa ya mwisho. Vioo vya pembeni huvirudia mara ya pili baada ya dakika tatu, kwa sababu vina maji ya akiba. Hiyo michirizi ya dada ilitokana na kutovirudia tu.

22. Makanika wa Lurambi (Kakamega)

Sikubaliani, Baba Nane. Ilitokana na kupulizwa kutoka mbele. Upepo wa mbele huyasukuma maji ndani ya kasha la kioo, nayo hutoka polepole gari likitikisika njiani. Puliza kutoka nyuma na chini, utaona yanatoka mara moja.

23. FundiRangi (Kondele, Kisumu)

Wote wawili mnasahau nta. Gari lisilo na nta, maji hutanda juu yake kama shuka, na upepo ukipita juu ya shuka nyembamba hauiondoi, huichanachana tu. Gari lenye nta, maji hujikusanya kuwa matone yaliyosimama, na pumzi ndogo tu huyaangusha. Dada, ulipaka nta lini mara ya mwisho?

24. Mwalimu wa Fizikia (Maseno)

FundiRangi yuko sahihi, na sababu yake ni hii: hewa inayogusana na rangi yenyewe haitembei, hata kama sentimita moja juu yake inakwenda kwa kasi ya dhoruba. Tone lililosimama linachomoza hadi kwenye hewa ya kasi, lakini utando mwembamba unabaki chini, mahali penye utulivu. Hata hivyo, tone lililosimama likiachwa likauke huacha doa dogo lenye chumvi nyingi mahali pamoja, wakati utando huitawanya chumvi hiyo hiyo mpaka isionekane. Kwa hiyo mwenye nta asiyepuliza yuko hatarini kuliko asiye na nta.

25. FundiRangi (Kondele, Kisumu)

Hilo la mwisho silikubali, mwalimu. Magari niyapakayo nta hayana madoa.

26. Mkulima wa Molo

Kwetu tunavuna maji ya mvua kutoka mabatini, nayo hayana chumvi. Osha kwa kisima, usuuze mara ya mwisho kwa ndoo moja ya mvua, uache likauke lenyewe. Sijui kwa nini mnanunua mashine.

27. BintiLanet (Nakuru)

Asanteni nyote. Jumamosi hii nimefanya jaribio. Niliazima blowa kwa jirani, nikaigawa boneti katikati kwa utepe wa karatasi. Upande wa kushoto niliupuliza kwa umbali wa sentimita 30, upande wa kulia nikaubandikia taulo safi bila kusugua, nikiinyanyua tu. Paa nililisuuza kwa maji ya mvua ya Mkulima wa Molo nikaliacha. Sikuwa na nta.

Jioni upande wa kushoto haukuwa na mkwaruzo mpya hata mmoja, lakini karibu na ukingo wa mbele kulikuwa na mstari wa madoa madogo kama mbegu za ufuta, mahali ambapo upepo uliyakusanya maji na nikaacha kupuliza mapema. Upande wa kulia haukuwa na doa, ila mikwaruzo miwili mipya, mmoja wa urefu wa kiganja. Paa lilikuwa safi, isipokuwa duara moja katikati ambalo sijui limetoka wapi.

28. Mkulima wa Molo

Duara hilo ni la ndege, dada. Mvua haihusiki.

29. Mwalimu wa Fizikia (Maseno)

Kazi nzuri sana. Kabla hatujaanza kubishana juu ya matokeo, tafadhali nieleze: gari lilikuwa limeelekea wapi, ulianza saa ngapi, na upande upi wa boneti ulipigwa na jua kwanza?